Uliza Maalim: Karafuu, makonyo na namba zisizokaa sawa

Toleo hili barua zimeingia nyingi za maktaba, sijui ndo msimu wa tasnifu au vipi, basi nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, naombeni mnivumilie, mwenye haraka aruke aende ya pili.

*

*Assalaam alaykum Maalim. Mie msichana wa Wete ila nnasoma Unguja, mwaka wa tatu, uchumi. Risechi yangu inaitwa "Mchango wa Karafuu katika Uchumi wa Zanzibar". Supavaiza kairudisha mara mbili, mara ya mwisho kaandika pembeni "nenda maktaba" basi, hakuna jengine. Nimekwenda, nimekaa siku tatu. Vitabu vya uchumi nilivyoviona vya Marekani na Uingereza vitupu, mifano ya siagi na bunduki, karafuu hamna. Nikaingia intaneti nikapata data ya Benki ya Dunia na nyengine ya mauzo ya karafuu nje ya nchi, nikagawa thamani kwa kilo ili nipate bei, bei ikaja ya kichekesho, ndogo kuliko anayolipwa babu yangu kwenye kituo cha kununulia karafuu. Sasa niambie, maktaba inasaidia kweli au ni mazoea tu ya waalimu? – Binti wa Wete*

Waalaykum salaam mwanangu. Tuanze na hiyo bei ya kichekesho, maana hapo ndo penye utafiti wako na wewe umepapita ukidhani umekosea hesabu.

Wewe mtoto wa Wete. Umeshakaa usiku na mama zako mnachambua karafuu, si ndio? Karafuu huku, makonyo huku, vidole vinanukia mpaka asubuhi na chai yote ina ladha ya karafuu. Hakuna mtu Pemba anaechanganya karafuu na makonyo, hata mtoto wa miaka sita anajua hichi cha kuanikwa kwenye jamvi na hichi kinakwenda kiwandani kutolewa mafuta. Sasa sikiliza. Kule kwenye data za biashara ya dunia bidhaa zinakwenda kwa namba za forodha, na namba ya karafuu ni 0907, na ukisoma maelezo yake vizuri utakuta humo ndani mna karafuu, mna matunda yake, na mna makonyo, vyote kapu moja! Namba za ndani, zile zenye tarakimu sita, zinatenganisha iliyosagwa na isiyosagwa tu, habari ya kikonyo hawana. Kwaiyo ukichukua thamani yote ukagawa kwa kilo zote, mwaka ambao makonyo mengi yametoka bei yako itaporomoka, na babu yako kituoni hajapunguziwa hata senti. Na mafuta ya karafuu nayo hayamo humo, yako 3301 pamoja na mafuta mengine ya kunukia. Wenzako wa Wete wamekesha wanachambua, karani wa forodha akaja akavichanganya tena.

Sisemi hiyo ndo sababu pekee. Angalia pia nani kaandika hiyo namba. Muuzaji anaandika thamani ya mzigo ukiwa bandarini kwake, mnunuzi anaandika pamoja na nauli na bima, kwaiyo India ikisema imenunua kutoka Tanzania na Tanzania ikisema imeiuzia India hazifanani hata siku moja, na mzigo ukipitia Singapore ndo basi tena. Weka zote mbili kwenye jeduali moja, utizame pengo. Mie nakwambia hilo pengo lina maneno mengi kuliko sura nzima ya utangulizi uliyoandika.

Haya, data ya Benki ya Dunia. Hapa ntakuwa mkali kidogo. Pato la taifa unaloliona pale limeandikwa Tanzania, lakini ukifungua maelezo ya chini (yale ambayo hakuna anaefungua) imeandikwa data ni ya Tanzania Bara tu. Zanzibar haimo! Pato letu linapigwa hesabu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hapa hapa kisiwani na linachapishwa mbali. Nimeshaona kazi ya mtu mmoja, simtaji, kachukua pato la Bara akaligawa kwa watu wetu 1,889,773 wa sensa ya 2022, tukatoka matajiri kuliko Oman. Na alipita! Sasa wewe ukitaka mchango wa karafuu kwenye uchumi wa Zanzibar alafu ukagawia uchumi wa Bara, umepima maji ya kisima kwa kamba ya jirani.

Unachokitaka kiko karibu kuliko unavodhani. Benki Kuu ya Tanzania inatoa tathmini ya uchumi kila mwezi, bure, na kule nyuma mna sehemu ya Zanzibar peke yake, mna jeduali ya mauzo ya nje na karafuu ina mstari wake, thamani, tani, na bei kwa tani. Ofisi ya Mtakwimu nayo ina muhtasari wa takwimu wa kila mwaka, tena kuna utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, wa 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20, humo utaona watu wa Wete na Micheweni wanakula nini na wanapata wapi pesa. Hivi vingi vipo maktaba vimechapwa, vimekaa kwenye kona ya ripoti za serikali ambayo inaonekana kama stoo, vumbi jingi, karatasi za rangi ya chai. Wewe umekaa siku tatu upande wa vitabu vinavong'ara.

Na hivo vitabu vya siagi na bunduki usivitukane bado. Kaa tena ufungue sura inayozungumzia soko lenye mnunuzi mmoja, wenyewe wanaita monopsoni. Soma pole pole. Alafu jiulize Zanzibar karafuu inanunuliwa na nani kisheria. Ni ZSTC peke yake, shirika la serikali. Kitabu hakijataja karafuu hata mara moja lakini kimekueleza babu yako vizuri kuliko mtu yoyote: mnunuzi akiwa mmoja ana nguvu ya kuweka bei chini ya anayoipata yeye nje, na pengo likiwa kubwa mno mzigo unatafuta njia nyengine. Sisi huku hiyo njia tunaijua jina, magendo, na usiku wa giza ngalawa inajua Mombasa iko wapi bila ya kuambiwa. Nadharia ya Marekani, ushahidi wa Pemba, hiyo ndo kazi ya uchumi.

Sasa rafu. Maktaba nyingi zetu zinapanga vitabu kwa namba za Dewey, kila somo na namba yake, na watu wa uchumi wanakaa 330 tu mpaka kiti kinapata umbo lao. Karafuu haikai sehemu moja. Uzalishaji wa mazao ya kilimo uko 338.17. Biashara ya nje 382. Mkarafuu wenyewe, unapandwaje unaugua nini, nenda 633. Historia ya Zanzibar 967.81, na huko usipadharau, maana mwanauchumi asiejua kwamba kimbunga cha April 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, hawezi kueleza kwa nini leo karafuu ni Pemba. Ukikipata kitabu kimoja kizuri usiondoke, tizama jirani zake wa kulia na kushoto, mie vitu vyangu vizuri vingi nimevipata nikiwa natafuta chengine.

Ukifika kwenye ripoti za zamani (na ukitaka zaidi kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ila kule nenda na kibali cha utafiti, usiende na begi la chuo tu ukajieleza mlangoni) utakutana na frasila na rupia. Rupia ilitumika hapa mpaka mwisho wa 1935, mwaka 1936 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Frasila ni ratili 35. RATILI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu mie nilipokuwa mwanafunzi nilisoma 35 nikaweka kilo 35, nikakaa mwezi mzima nachora grafu ya mavuno, nikaipeleka kwa mwalimu wangu nikiwa na furaha kubwa nimegundua kwamba Zanzibar ya kikoloni ilizalisha mara mbili na zaidi ya kila mtu alivosema. Mwalimu kaitizama, kaniuliza, "frasila yako ina uzito gani?" Ina kilo kama 16 hivi. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jambo jengine, usilinganishe mwaka mmoja na mwengine ukasema zao limeanguka. Mkarafuu una mwaka wake wa kuzaa mpaka matawi yanavunjika na una miaka ya kupumzika, hili babu atakueleza bila ya maktaba. Chukua miaka kumi na tano, ishirini, ndo useme neno.

Kichwa chako sasa. "Mchango wa Karafuu katika Uchumi wa Zanzibar" hicho si swali, hicho ni kibao cha barabarani. Ndo maana supavaiza kakosa la kuandika. Mie ningeuliza hivi: katika kila shilingi anayopata muuzaji nje, mkulima wa Wete anabaki na ngapi, na imebadilika vipi tangu mwaka fulani? Hapo unajua unatafuta namba mbili tu, bei ya nje (ya karafuu, bila makonyo!) na bei ya kituoni, na ya tatu ukiweza, ile wanayolipwa wachumaji kwa pishi, maana mkulima nae ana watu wa kuwalipa. Hiyo ya tatu huipati kwenye rafu yoyote, hiyo nenda kaulize nyumbani wakati wa kuchuma na daftari.

Alafu nenda kwa mkutubi. Sio useme "nataka vitabu vya karafuu". Mwambie natafuta bei ya karafuu kwa mkulima, mwaka kwa mwaka, tangu mwaka fulani, imechapishwa wapi? Utaona anavoinuka kwenye kiti. Nimekaa kaunta miaka mingi, swali la kwanza linakufanya unyooshe kidole tu, la pili linakutia hamu.

*

*Maalim salaam. Nimepata makala nzuri mno kuhusu kodi na biashara ndogo, nikifungua inataka dola 35. Mie dola 35 naijengea banda la kuku. Nifanyeje? – Kijana wa Jang'ombe*

Usilipe. Ukilipa nakushangaa.

Kwanza ichukue ile anuani ya makala uitie Google Scholar, alafu chini ya jina lake kuna kimaandishi kidogo cha kuonyesha versheni zote, bonyeza hapo. Waandishi wa uchumi wana tabia nzuri moja, makala kabla haijafika kwenye jarida huwa wameshaitoa kama rasimu, wakati mwengine miaka mitatu kabla, na rasimu iko bure. Ukikosa hapo ingia RePEc, huko ndo nyumbani kwa rasimu za uchumi. Rasimu za NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, nazo watu wa nchi zetu wanazipata bila malipo. Ila soma tarehe, rasimu na makala ya mwisho namba zinaweza kuhitilafiana, kwaiyo ukinukuu sema umesoma ipi.

Pili, chuo chako kama kimejiandikisha Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zetu majarida ya kitaaluma, una majarida maelfu na hujui. Tanzania tumo kwenye kundi la nchi zisizolipa. Ina milango yake, wa kilimo unaitwa AGORA, wa afya Hinari, na kadhalika, na neno la siri analo mkutubi. Muombe yeye, usimuombe rafiki yako kwenye grupu la WhatsApp, maana likisambaa sana chuo kizima kinaweza kufungiwa. JSTOR, ile hazina ya majarida mtandaoni, nayo ukijisajili kwa imeili yako tu wanakuruhusu kusoma makala mia moja kwa mwezi kwenye skrini bila kudaunlodi. Mia moja! Wewe umeshasoma ngapi mwezi huu?

Vyote vikishindikana muandikie mwandishi mwenyewe. Mistari mitatu: wewe nani, unafanya nini, unaomba makala gani. Wengi wanatuma siku hiyo hiyo, hiyo dola 35 haiingii mfukoni kwao.

*

*Shikamoo Maalim. Mimi si mwanafunzi, nina kikundi cha akina mama tunalima mwani Jambiani. Mnunuzi kila siku anatwambia bei ya dunia imeshuka. Nikamwambia mwanangu, hivi hiyo bei ya dunia iko wapi na sisi tukaione? Kasema nenda maktaba ya chuo. Watanikubali mie na darasa la saba langu? – Bi Mwani*

Marahaba Bi Mwani, na swali lako limenifurahisha kuliko yote ya toleo hili, wanafunzi wasinune.

Kuingia, nenda na kitambulisho chako na barua ya kikundi, au hata ya sheha, ufike kaunta useme unataka kusoma humo humo. Vyuo vingi mtu wa nje anaruhusiwa kusoma ndani na hapewi kitabu kutoka nacho, pengine utalipishwa kidogo, pengine hutolipishwa, kila chuo na utaratibu wake. Kwa ulipo wewe Tunguu si mbali, SUZA, chuo kikuu cha taifa, iko pale na Chuo Kikuu cha Zanzibar kiko pale pale, piga simu kwanza usije ukala nauli bure. Nenda na mwanao akushikie kompyuta. Darasa la saba si tatizo, tatizo ni kuona haya.

Ukifika muulize mkutubi akufungulie data za biashara ya mwani duniani. Namba yake ya forodha inaanza 1212, halafu kuna 1212.21 ni mwani wa kuliwa na watu na 1212.29 ni mwengine wote. Wenu unakaushwa kwenda viwandani kutolewa karajinani, ile ya kufanya vyakula na dawa ya meno vishikane, kwaiyo tizama zote mbili maana kila nchi inaandika inavotaka. Ila nakutahadharisha Bi Mwani, humo kotonii na spinosum, aina mbili za mwani, wamezitia gunia moja. Na wewe unajua kuliko mie kwamba kotonii ina bei na spinosum ni ya kubahatisha, na kwamba kotonii maji yakipata moto inaoza na mikononi mmebaki na kamba. Kwaiyo hiyo bei utakayoiona ni ya mchanganyiko, usimrukie mnunuzi nayo kama ilivyo.

Cha kumfanyia ni hichi: tizama kama imepanda au imeshuka kutoka mwaka hadi mwaka. Yeye akisema imeshuka na jeduali inasema imepanda miaka miwili mfululizo, muulize kwa upole, tena mbele ya wenzako, "imeshuka wapi?" Angalia na shilingi pia, dola ikipanda yeye anapata shilingi nyingi zaidi kwa mzigo ule ule, hilo huwa hawalitaji. Kumbuka tu kwamba kuna nauli ya meli na gharama za kukusanya, sio kila pengo ni wizi.

Mwani wa biashara umeanza huko kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989, kwaiyo wako wanafunzi wengi walokuja kuwahoji, mnawakumbuka na madaftari yao, wakauliza mna watoto wangapi na mnapata kiasi gani, wakaondoka. Kazi zao ziko maktaba. Omba tasnifu zilizoandikwa juu ya Jambiani uzisome, ni maneno yenu yale, mna haki ya kujua yaliandikwa vipi. Ukikuta uongo niandikie.

*

*Maalim, nimeiuliza ChatGPT inipe marejeo kumi ya uchumi wa utalii Zanzibar, kanipa yote na majina ya waandishi na kurasa. Maktaba wanasema saba hawayaoni. Hawajui kutafuta au? – Msomi wa Fuoni*

Wanajua kutafuta. Hayo saba hayapo duniani. Ile mashine inajua marejeo yanavofanana, jina la mtu, mwaka, jina la jarida, kurasa, ikakutungia kama mtu anaetunga ndoto, na kwa bahati mbaya inatunga vizuri. Pengine hata mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, makala ndo hamna.

Itumie kukupa maneno ya kutafutia kama umekwama, sawa. Marejeo yachukue kwenye kitu ulichokishika. Hayo matatu yaliyopatikana nayo usiyatie kwenye kazi mpaka uyasome, maana kuwepo ni jambo moja na kusema ulichodai yanasema ni jengine. Na urudi ukamuombe radhi yule binti wa kaunta, nimesikia ulivomjibu.